Mbwa Mkubwa Aliyeachwa Njiro, na Swali Wanaloanza Nalo Wote

Jumamosi asubuhi, Njiro, Arusha. Lori la mizigo limeegeshwa nje ya geti, familia iliyomaliza mkataba wa kazi inapakia makabati, na nyuma ya nyumba kuna mabanda mawili. Banda la kulia lina chotara wa Boerboel na Rottweiler, dume, umri kama miaka 5, kilo 48. La kushoto lina German Shepherd mwenye mbavu zinazohesabika, aliyeokotwa barabarani na familia hiyohiyo.

Mzee mmoja amekuja kutoka Moshono kumwona yule mkubwa. Anasimama hatua tatu kutoka kwenye wavu.

"Kijana, huyu ni mkali?"

"Shikamoo mzee. Huyu anajua watu," anajibu mtunza bustani.

"Marahaba. Sijauliza kama anajua watu."

Chotara akasogea, akamnusa mzee kupitia wavu, akaketi. Hakubweka. Upande wa kushoto, German Shepherd alikuwa anajirusha kwenye wavu hadi mbao zinatoa mlio, mate yanamtoka, mkia ameukunja tumboni. Mzee akanyoosha fimbo upande ule. "Huyo ndiye."

Wiki kadhaa sasa tukio hilo halijanitoka kichwani. Mzee yule hakuwa na nia mbaya kwa mnyama. Wezi walikuwa wameruka ukuta wake na kubeba pampu ya maji na mitungi ya gesi, na anaishi na wajukuu. Alihitaji ulinzi, akachagua kwa macho yake. Na akachagua mbwa ambaye, kwa hesabu yangu, angemng'ata mjukuu kabla hajamwona mwizi.

## Mkia unasema nini

Mbwa anayejirusha kwenye wavu mara nyingi anaogopa. Amegundua kwamba akifanya fujo watu wanarudi nyuma, na kila anayerudi nyuma anamthibitishia kwamba njia hiyo inafanya kazi. Fungua mlango uone: wengi wao hukimbilia kona, au hukuzunguka na kukung'ata kisigino ukigeuka. Mwizi mzoefu analijua hilo. Anamkabili mbwa uso kwa uso akiwa na fimbo, mbwa anaufyata.

Mbwa mwenye moyo wa kulinda ana namna nyingine. Mwili wake umetulia, uzito uko kwenye miguu yote minne, mkia uko usawa wa mgongo au juu kidogo. Anakutazama, anakunusa, anaamua. Akibweka, anabweka kwa sauti nzito yenye mapumziko, kisha anasikiliza. Na akiambiwa na mtu wake kwamba inatosha, ananyamaza.

Kuna alama za kuangalia ukiwa umesimama kando, bila kumkodolea macho. Weupe wa jicho kuonekana pembeni huku kichwa kimegeukia kwingine. Kulamba midomo pasipo chakula. Kupiga miayo hali hajachoka. Mdomo kufungwa ghafla na mwili mzima kukakamaa, hata kwa sekunde moja. Hiyo ya mwisho ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu watu huitafsiri kuwa utulivu, wakanyoosha mkono.

Kunguruma, kwa upande mwingine, ni jambo jema. Mbwa anayenguruma anakupa onyo. Ukimpiga kwa kunguruma utafanikiwa kuondoa onyo tu. Kung'ata kutabaki palepale.

## Mbwa wa boma

Nilipokuwa nalitafakari hili, kilichonigeuza fikra ni mfano ulio karibu kabisa na sisi. Ukipanda Monduli au ukishuka upande wa Simanjiro utamkuta mbwa wa boma: mwembamba, rangi ya vumbi, kalala katikati ya mbuzi. Mchana anafuata mifugo na vijana. Hakuna aliyemfungia ndani ili awe mkali, na mgeni akija na mwenyeji wake mbwa huyo hufungua jicho moja tu. Lakini fisi akisogea usiku, boma zima linaamka. Mbwa anatoa taarifa, watu wanatoka na mikuki.

Kazi yake ni kutambua tofauti. Anaijua harufu ya kila mtu wa boma, sauti ya kila ng'ombe, saa ya kila jambo. Lisilo la kawaida ndilo linalomwinua.

Namibia, mradi wa kuhifadhi duma umekuwa ukiwapa wafugaji mbwa wakubwa wa jamii ya Kangal, kutoka Uturuki, tangu 1994. Hao wanafika kilo 50 na zaidi, lakini msingi ni uleule: mtoto wa mbwa anakulia zizini, anawazoea mbuzi kama ndugu, ndipo analinda.

Sasa linganisha na desturi ya mitaa yetu mingi. Mbwa anafungiwa kwenye banda la giza kuanzia alfajiri, anafunguliwa saa tatu usiku, hajawahi kuona bodaboda ikileta mkaa, hajui sauti ya shangazi, hajui kwamba kila Jumanne gari la taka linapita. Ni kama kumfungia askari stoo mchana kutwa, kisha usiku ukamtaka azitambue sura za wenye nyumba. Kwake kila kitu ni kigeni, kwa hiyo anabwekea kila kitu, na baada ya mwezi mmoja hakuna anayeamka akibweka.

Wapo pia wanaompa mbwa pilipili, bangi, hata mavu, ili "apande hasira". Pilipili inaunguza tumbo. Bangi inamlevya na inaweza kumuua. Hakuna hata kimoja kinachomfundisha nani ni mwizi.

## Kabla hujasema ndiyo

Mbwa wakubwa wanaoachwa Arusha na Moshi wengi ni watu wazima, na hiyo ni faida. Tabia unayoiona ni tabia yake. Mwili umemaliza kukua. Kasoro ni kwamba anakuja na historia usiyoijua, na magonjwa yasiyoonekana ukiwa umesimama getini. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajafika nyumbani kwako, hasa kama una mbwa mwingine.

Anza na fizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza fizi kwa kidole, achia: weupe unatakiwa urudi kuwa waridi ndani ya sekunde 2. Fizi zilizopauka kwa mbwa wa ukanda huu zinakufanya ufikirie kupe kwanza. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta ugonjwa wa erlikia: homa, kukonda, tezi kuvimba, wakati mwingine damu puani. Dawa yake ya kawaida ni doksisiklini, na daktari huiandika kwa siku 28. Watu huacha siku ya 7 kwa sababu mbwa ameanza kula, na ugonjwa unarudi ukiwa umejificha kwenye uboho wa mifupa. Babesia nayo inaletwa na kupe: mkojo unakuwa rangi ya chai kavu, na hapo unahesabu saa, usisubiri Jumatatu. Moshi, kwa kuwa iko chini na ina joto zaidi, kupe hawapumziki hata Julai.

Kagua sehemu za siri, dume na jike. Sioni haya kulisema kwa sababu hapa ndipo mbwa wengi wa mitaani hukosa nyumba bila sababu. Ukiona uvimbe mwekundu wenye sura ya koliflawa, unaotoa damu, huenda ni saratani inayoambukizwa kwa kupandana na kulambana. Inatisha kuiona, ila ni kati ya saratani zinazopona vizuri sana. Dawa ni vinkristini, inayochomwa kwenye mshipa mara moja kwa wiki, kwa kawaida wiki 4 hadi 6. Lazima iingie kwenye mshipa sawasawa, ikivujia pembeni inaunguza nyama. Kwa hiyo si kazi ya mtu wa duka la dawa za mifugo. Ukiambiwa "huyu ana saratani, achomwe sindano ya kulala milele", uliza kwanza ni saratani gani.

Mwangalie akitembea kwenye sakafu ngumu. Mbwa mkubwa mwenye nyonga mbovu huruka kama sungura akikimbia, miguu ya nyuma kwa pamoja, na huchelewa kuinuka baada ya kulala. Anaweza kuwa mbwa mzuri wa nyumbani, lakini usimpe kiwanja cha kupanda na kushuka.

Kadi ya chanjo iwe na stika ya chupa ya dawa, tarehe na sahihi ya daktari. Kadi isiyo na stika ichukulie kama haipo, anza upya: kichaa cha mbwa, kisha ile ya pamoja inayokinga distempa na parvo. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo miezi mingi, kwa hiyo kama kiwanja chako kiliwahi kupoteza mtoto wa mbwa kwa kuhara damu, kumbuka hilo kabla hujaleta mwingine.

Na kupe wake usiwatibu kwa kukisia. Ivermektini ya ng'ombe iliyoko madukani ina nguvu iliyopimwa kwa mnyama wa kilo 300. Mbwa wa jamii ya Collie na baadhi ya German Shepherd wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo: anayumba, anapofuka, anazimia. Mpime uzito kwanza. Kama hakuna mizani ya mbwa, pima kwenye mizani ya mahindi pale sokoni.

## Kuhasi

Hofu ninayoisikia kila mahali: ukimhasi atakuwa mzembe, hatalinda tena.

Hafanyi hivyo. Mbwa halindi kwa sababu ya korodani. Analinda kwa sababu eneo ni lake na watu ni wake. Kinachopungua ni kuruka ukuta kufuata jike aliye kwenye joto mtaa wa tatu, na dume aliyeko mtaa wa tatu usiku wa manane halindi nyumba yako. Jike asiyehasiwa, mbali na watoto wasio na pa kwenda, anaweza kupata usaha kwenye kizazi wiki chache baada ya joto, na huo unaua.

## Siku za mwanzo

Usimbebe nyuma ya pikapu kwa kamba ndefu, akiruka atajinyonga. Gari aina ya Noah lenye viti vimekunjwa linatosha. Asile kwa muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya safari, la sivyo atatapika kuanzia Kwa Mrefu hadi Usa River. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye nyuma.

Waokoaji wa mbwa wana kipimo chao cha mazoea: siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kujifunza ratiba, miezi 3 za kuona hapa ni kwake. Kwa mbwa mkubwa wa ulinzi ningeongeza mkazo kwenye namba ya mwisho. Wiki ya kwanza wenye nyumba hufurahi: "Ametulia kweli." Hajatulia, amegandishwa na ugeni. Tabia yake ya kweli utaiona wiki ya tatu au ya nne, akishaanza kuona eneo ni lake, na hapo ndipo wengi humrudisha.

Siku 3 za kwanza usimwogeshe. Usiite majirani waje kumwona. Usimfungulie kiwanja kizima usiku. Mtu mmoja ampe chakula, saa ileile asubuhi na jioni, sehemu ileile. Atembezwe akiwa na kamba hata ndani ya ukuta wako, azunguke mpaka wote, anuse kila kona, kisha arudi mahali pake. Mara mbili kwa siku, dakika 15 zinatosha.

Kisha mtambulishe kwa watu wa nyumba, mmoja mmoja, siku tofauti. Namna inayofanya kazi ni hii: mtu asimame ubavu ubavu, asimtazame machoni, asimwite. Adondoshe kipande cha nyama miguuni mwa mbwa na kuondoka. Arudie mara kadhaa. Mbwa ndiye atakayesogea. Kosa la kawaida ni kumpa mgeni nyama mkononi amnyooshee: mbwa mwoga anaifuata nyama, akishaimeza anajikuta karibu mno na mkono wa mtu asiyemjua, anang'ata.

Watoto waje mwisho, wakiwa na mtu mzima, na wasiwahi kuachwa naye peke yao. Hata baada ya mwaka. Kwa mbwa wa kilo 48 hili halina mjadala.

Mfundishe kuvaa kifunga mdomo mapema, kile cha kikapu kinachomruhusu kuhema na kunywa maji. Paka siagi ya karanga ndani, aingize pua mwenyewe, atoe. Siku ya pili funga mkanda kwa sekunde 5. Ongeza kidogo kidogo hadi dakika 10. Mbwa anayevaa kikapu kwa hiari anaweza kuchomwa sindano, kukatwa kucha na kusafirishwa bila kukabwa na wanaume wanne. Asiyezoezwa kila chanjo inakuwa vita, na mwishowe mwenye nyumba anaacha kumpeleka.

## Mlinzi wa geti, dada wa kazi, jirani

Nyumba nyingi zenye mbwa mkubwa zina pia mlinzi, na hapa pana tatizo ambalo sijaona likizungumzwa. Mlinzi wa kampuni hubadilishwa. Leo yuko huyu, mwezi ujao yuko mwingine, anaingia saa kumi na mbili jioni akiwa na koti, kofia na rungu. Mbwa hana taarifa. Kila mlinzi mpya apewe utambulisho uleule wa nyama miguuni, mchana, mwenye nyumba akiwepo, kabla ya zamu yake ya kwanza. Vinginevyo mlinzi atajilinda kwa rungu, na kuanzia hapo mbwa atachukia sare.

Dada wa kazi ndiye anayeanika nguo, anayetupa taka, anayefungua geti ukiwa kazini. Katika nyumba nyingi ndiye anayemlisha mbwa pia. Muulize kabla hujamchukua mbwa. Kama anaogopa mbwa, basi jibu la nyumba hiyo ni hapana, hata kama baba na mama wanamtaka sana. Siwezi kulisema hili kwa upole zaidi.

Jirani naye ana haki yake. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi kwetu, mate ya mbwa ni najisi inayotaka kuosha mara 7, mojawapo kwa udongo. Dini hiyohiyo inaruhusu mbwa wa kulinda mifugo na shamba. Kwa hiyo jirani hana ugomvi na ulinzi wako. Asichotaka ni mbwa wako kumrukia akielekea msikitini alfajiri. Geti la ndani, hata la nondo na wavu tu, linalomzuia mbwa geti kubwa likifunguliwa, linamaliza kesi hiyo pamoja na ile ya bodaboda.

## Ukuta na banda

Ukuta uwe mita 1.8 au zaidi. Ua wa michongoma unamzuia mtu kuliko mbwa: mbwa hupita chini, kwenye mashina. Pitisha wavu kwa ndani na uuzike sentimita 30 ardhini. Angalia uwazi chini ya geti.

Banda: sakafu ya mbao, mita 1.2 kwa 0.9, iliyoinuliwa sentimita 20 kutoka chini ili hewa ipite na matope ya masika yasiingie. Bati peke yake linachoma mchana Moshi na linatoa baridi usiku wa Julai Arusha. Weka mbao au dari chini yake. Mlango usielekee upande upepo unakotoka. Banda liwe mahali pa kulala na kupumzika, mlango wazi, sehemu anayoiona familia ikipita.

Mnyororo sitaki kuuzungumzia sana. Mbwa wa mnyororo hawezi kukimbia kinachomtisha, kwa hiyo anajifunza kushambulia. Na mwizi akishapima urefu wa mnyororo kwa macho, amemaliza.

## Sufuria ya mbwa

Mbwa wa kilo 45 anayefanya kazi ya kawaida anahitaji takribani kalori 1,900 kwa siku. Kwa jiko letu hiyo ni unga wa dona gramu 300 ukisongwa laini, mapupu au utumbo gramu 400, dagaa wakavu gramu 100 waliooshwa mchanga na chumvi, na kijiko kikubwa cha mafuta. Ugawe mara mbili. Usitie kitunguu, kinaharibu damu yake. Mfuatilie kwa mkono: mbavu uzihisi ukipapasa, usizione kwa mbali.

Kwa nini mara mbili? Mbwa wenye kifua kirefu, akina Boerboel na German Shepherd wote, hupata tumbo kujaa gesi na kujipinda. Sufuria moja kubwa usiku, kisha anafunguliwa akimbie, ni kujitafutia. Dalili ni tumbo gumu kama ngoma, kujaribu kutapika bila kitu kutoka, kuhangaika. Hapo ni kwa daktari mara moja, hata usiku wa manane. Maji ya chumvi hayasaidii. Baada ya kula apumzike saa nzima.

Unga usitoke kwenye mahindi yaliyokataliwa. Sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na tabia ya kusema "haya ni ya mbwa" kuhusu mahindi yenye ukungu imeua mbwa wengi kwa ini kuharibika, polepole, wenye nyumba wakidhani karogwa.

Maini na mapupu yenye malengelenge ya maji usimpe mabichi, hasa nyama ikitoka machinjio ya kando. Ndani yake kuna mnyoo ambaye hukomaa kwenye utumbo wa mbwa, kisha mayai yake yanarudi kwa watoto kupitia manyoya na udongo. Chemsha dakika 30 hadi 40, na mbwa apewe prazikwanteli kwa ratiba ya daktari. Mifupa iliyopikwa, hasa ya kuku, itupwe. Inapasuka kama vijiti.

## Nyama inayorushwa ukutani

Hapa ndipo mzee wa Moshono angenisikiliza, kwa sababu hapa ndipo mbwa "mkali" anaposhindwa kabisa. Mwizi haji na panga kwanza. Anakuja siku mbili kabla na kipande cha nyama chenye dawa ya wadudu. Mbwa mwenye njaa, aliyezoea kurushiwa chakula juu ya banda, anakila.

Kinga ni ya mazoezi. Mbwa ale kwenye bakuli lake tu, baada ya neno moja mnalolichagua. Vile vipande vya nyama vya utambulisho navyo vifuate neno hilohilo, na mwenye mbwa awe pale. Kisha, akiwa na kamba, mtu wa nyumbani adondoshe nyama chini bila neno. Akiifuata, zuia kwa kamba bila kelele, subiri akutazame, mpe iliyo bora zaidi kutoka bakulini. Akishaelewa, badilisha mahali: karibu na ukuta, karibu na geti. Kisha mtu asiyemjua arushe kutoka nje. Inachukua wiki nyingi, na lazima irudiwe kila baada ya muda. Mbwa aliyeshiba ni rahisi zaidi kumfundisha, na ndiyo maana sikubaliani na wanaomnyima chakula ili "awe macho".

Zunguka kiwanja kila asubuhi kabla hujamfungulia. Ukikuta ameanza kutokwa mate mengi, misuli inatetemeka, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, hiyo ni sumu ya wadudu na dawa yake iko kwa daktari: atropini. Maziwa hayafuti sumu hiyo, yanakupotezea nusu saa. Namba ya daktari iandikwe ukutani kwenye kibanda cha mlinzi.

## Akimng'ata mtu

Inaweza kutokea hata kwa mbwa mwema. Jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, saa ileile, kabla ya kutafuta gari. Kisha hospitali, hata kama kadi ya chanjo ya mbwa ni safi. Mbwa asiuawe siku hiyo. Afungiwe na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima siku zote 10, hakuwa na kichaa kwenye mate siku aliyong'ata, na taarifa hiyo ni ya thamani kwa aliyeng'atwa kuliko mzoga.

## Nani asipewe

Hili ndilo nililosumbuka nalo zaidi. Nyumba ni chache, mbwa ni wengi, na kumkatalia mtu anayetaka kumchukua mbwa wa kilo 48 kunaonekana ni anasa. Kila wiki anayobaki kwenye banda la watu wanaohama ni wiki karibu na sindano ya kulala milele.

Lakini ningemkatalia anayemtaka afungiwe mchana wote. Ningemkatalia mwenye duka anayetaka mbwa alale peke yake stoo ya vifaa, aonwe na binadamu dakika tano kwa siku. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze, na upweke wa namna hiyo siuiti kutunza. Mzee wa Moshono nisingemkatalia. Ana kiwanja, ana watu nyumbani siku nzima, ana sababu ya kweli. Ningemwomba aje mara tatu, siku tofauti, na mara moja aje usiku, asimame nje ya ukuta, amsikilize chotara yule akibweka mtu asiyemjua akigusa geti. Na yule German Shepherd ningemwombea nyumba yenye subira isiyo na watoto, na isiyotegemea ulinzi wake mwaka wa kwanza.

Mbwa wa ukubwa huu huishi miaka 9 hadi 11. Huyu wa miaka 5 anakuja na miaka minne hadi sita ya kulishwa, kuchanjwa na kutibiwa viungo vya uzeeni. Kwa hiyo makubaliano yawe ya maandishi, nakala mbili: uzito wake siku ya kukabidhiwa, chanjo zilizopo na tarehe ya ijayo, nani anamlisha familia ikisafiri Desemba, nani anamchukua mwenye nyumba akihamishiwa Dodoma, na kwamba ikishindikana ndani ya miezi 3 anarudi kwa aliyemtoa, bila maswali, badala ya kufunguliwa geti usiku. Wote wawili waweke sahihi, na dada wa kazi asomewe.